Koili ya Tesla kwa chupa za soda



Waliohudhuria maonyesho yetu madogo ya sayansi muhula uliopita waliniona nimeshika tyubu ya taa mkononi, haina waya wowote, nayo inawaka. Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali mawili. La kwanza: "Umeinunua wapi mashine hiyo?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini: "Hakuna mazingaombwe hapo?" Mazingaombwe hamna, na mashine sikuinunua. Niliitengeneza nyumbani Nyakabuye wakati wa likizo ndefu, kwa chupa za soda, bomba la maji machafu, koili ya gari bovu na mpira wa majani ya migomba. Mhariri ameniomba niieleze kama somo, nami nimekubali kwa sharti moja: nieleze pia siku mdogo wangu aliposhonwa nyuzi tano mkononi. Siku ile ya maonyesho nililiruka jambo hilo, na sikufanya vizuri.

Nyakabuye iko wilaya ya Rusizi, kwenye vilima vinavyotazama bonde la Bugarama. Wengi wenu mnaijua kwa sababu ya chemchemi zake za maji moto. Ukitaka kipuri cha elektroniki unapanda gari hadi Kamembe, na Kamembe wakikosa, muuza duka atakunyooshea kidole ng'ambo ya mpaka, Bukavu. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayesoma kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya au Marekani hukwama ukurasa wa kwanza, penye orodha ya vifaa. Transfoma ya taa za neoni? Hatuna taa za neoni. Kapasita ya volti elfu kumi? Duka lote la redio halina. Hapo ndipo somo hili linapoanzia.

Kwanza tuelewe tunatengeneza nini. Nikola Tesla alionyesha koili yake mwaka 1891, akitafuta njia ya kuwasha taa kwa umeme wa masafa ya juu. Ndani yake kuna saketi mbili. Ya kwanza ina kapasita na koili nene ya mizunguko michache. Ya pili ni koili nyembamba ya mizunguko mamia, chini imeunganishwa na ardhi, juu ina tufe la chuma. Haziunganishwi kwa waya. Kapasita inajazwa mpaka hewa kwenye pengo la cheche inashindwa kuvumilia, cheche inaruka, na nishati yote inamwagika kwenye koili nene, ikienda na kurudi mara laki kadhaa kwa sekunde. Koili nyembamba iliyo jirani inaitikia.

Inaitikia kama pembea. Ukimsukuma mtoto kwenye pembea wakati wowote unaotaka, utamsumbua tu. Ukimsukuma kila anaporudi, hata kwa kidole kimoja, atafika juu. Saketi mbili zikiwa na masafa sawa, kila msukumo wa ya kwanza unaikuta ya pili imerudi. Hilo ndilo linaloitwa resonansi, na kazi yote ya kutengeneza koili ni kuyalinganisha masafa hayo mawili. Kanuni yake ni fupi: zidisha L kwa C, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2π, kisha gawa 1 kwa jibu hilo. Ukiikariri hiyo, mengine ni mikono.

Nilianza na koili ya pili. Bomba nililipata kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa: kipande cha bomba la plastiki la kipenyo cha milimita 50, mwenye nyumba akanipa bure. Waya nilipewa na mzee mmoja wa senta anayesuka upya mota na pampu. Nilimweleza ninachotaka, akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, umeme huo utatoka wapi?" Nikamwambia nitaona. Akanikatia waya wa shaba wenye vanishi, unene wa milimita 0.3, akanipimia mita 150 kwa macho, na hakukosea sana.

Kuzungusha kulichukua siku mbili. Weka bomba kwenye fimbo iliyoegeshwa kwenye viti viwili, mtu mmoja azungushe, mwingine aongoze waya kwa kidole. Mzunguko ulale kando ya mwenzake bila nafasi na bila kupandana. Shangazi yangu, aliyekuwa akichambua maharage pale barazani, alijitolea kuwa mhasibu: kila nikifika mizunguko mia aliweka punje moja pembeni. Tulimaliza na punje tisa. Mizunguko 900 kwa urefu wa sentimita 30.

Koili yangu ya kwanza niliiharibu, na ni vizuri niseme vipi. Kwenye mzunguko wa mia nne na kitu, waya ulipanda juu ya mwenzake. Nikaona aibu kufungua, nikaendelea. Ilipowashwa, cheche zilikimbia mahali hapo hapo, ndani kwa ndani, mpaka vanishi ikaungua na plastiki ikapata mstari mweusi. Mstari huo ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo bomba lilikuwa limekufa. Nilirudi kwa mzee kuomba waya mwingine. Hakucheka, lakini alinitoza.

Jambo jingine ni unyevu. Kwetu mvua haina adabu. Bomba liliwe na jua siku nzima kabla ya kuzungushwa, na baada ya kuzungusha lipakwe vanishi ya mbao, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke kabisa. Anayepaka tabaka moja nene anafungia maji ndani.

Tufe la juu ndilo lililowafurahisha watoto. Vitabu vinataka duara la alumini lililopigwa kiwandani. Nilimwomba mtoto wa jirani anifumie mpira wa majani makavu ya migomba, ule wanaochezea, kipenyo cha sentimita 10, nikaufunika kwa karatasi ya alumini ya jikoni. Umeme unakaa juu ya ngozi ya tufe, haujali ndani mna nini. Unachojali ni mikunjo: kila kona kali ya karatasi ni mlango wa kuvuja. Nilisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka ukalainika. Tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 5 lina pikofaradi 5 na ushei likiwa peke yake, pungufu kidogo likiwa juu ya koili. Nikijumlisha na za koili yenyewe nilikadiria pikofaradi 7. Koili, kwa hesabu ya mizunguko na vipimo vyake, ni milihenri 6.2. Ingiza kwenye kanuni: kilohezi 760 hivi.

Ndiyo, umeona vizuri. Hiyo iko katikati kabisa ya redio ya masafa ya kati. Nitarudi hapo.

Sasa kapasita, na hapa nilijivunia sana kabla ya kujuta. Kapasita ni sahani mbili za kupitisha umeme zilizotenganishwa na kitu kisichopitisha. Chupa ya glasi yenye maji ya chumvi ndani, iliyosimama kwenye maji ya chumvi, ni kapasita kamili: maji ya ndani sahani moja, maji ya nje sahani ya pili, glasi katikati. Wazo ni la zamani sana. Mwaka 1746 Pieter van Musschenbroek wa Leiden, Uholanzi, alipigwa na chupa ya namna hiyo, akamwandikia mwenzake Ufaransa kwamba hangerudia hata kwa ufalme wote wa Ufaransa. Niliisoma habari hiyo nikaona inachekesha.

Watengenezaji wa ng'ambo husifu chupa za bia. Sisi tulitumia za Fanta, na glasi haitofautishi. Chupa 12 kwenye beseni la plastiki, chumvi kilo moja iliyoyeyushwa mpaka ikakataa, maji ndani na nje kwa kimo kimoja, na juu ya maji tabaka la mafuta ya kupikia unene wa kidole ili cheche zisitambae ukingoni. Kila chupa iliingizwa waya mdomoni, waya zote zikaunganishwa. Chupa moja kwa hesabu ni pikofaradi 500 na kitu. Multimita yangu ilisoma zote pamoja nanofaradi 6.4. Nilirukaruka uani kama mtoto wa sikukuu.

Kwa koili ya kwanza, bomba la milimita 110 na waya wa shaba wa milimita mraba 6, ule wa kuingiza umeme nyumbani, uliovuliwa plastiki. Mizunguko 10, nafasi ya milimita 8 kati ya mmoja na mwingine, na kibanio kinachohama ili kuchagua mzunguko. Bomba la koili ya pili linasimama katikati. Hesabu ilisema nitapata ulinganifu kati ya mzunguko wa saba na wa nane.

Limebaki swali la mzee: umeme utatoka wapi?

Niseme wazi mpango wangu ulikuwa upi. Nilikuwa nimeona Kamembe, kwa muuza vyuma chakavu, oveni ya maikrowevu isiyo na mlango. Ndani yake mna transfoma inayotoa volti elfu mbili, na intaneti imejaa vijana wanaoitumia. Bei tulikuwa tumeshapatana. Nilipomwambia mzee, aliacha kazi, akaweka bisibisi chini.

"Hiyo usiilete hapa kwangu," akasema. "Na kwa mama yako usiipeleke."

"Mzee, nitakuwa mwangalifu."

"Niliyemjua mimi alikuwa mwangalifu kuliko wewe."

Hakueleza zaidi. Aliingia ndani akatoka na koili ya gari la zamani, aina ile ya gari lenye platini, pamoja na kondensa yake. "Chezea hii. Itakuumiza ujifunze, lakini utabaki."

Nikaichukua kwa unyonge, na kusema kweli sikuwa nimeikata tamaa transfoma. Nilijiambia nitaanza na hii, nikipata faranga nitanunua ile.

Kabla ya hiyo nilikuwa nimejaribu koili ya pikipiki, kwa sababu zimejaa kila karakana. Haikufanya kazi, na sababu yake inafaa kujulikana. Pikipiki nyingi za sasa zina CDI: kikasha kinachojaza kapasita kwa volti mia mbili au zaidi kisha kuimwaga yote kwenye koili kwa mkupuo. Koili hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mkupuo huo. Ukiipa volti 12 za betri moja kwa moja inapata joto tu. Koili ya gari la platini ni tofauti: inapewa volti 12, mkondo unajaa, kisha platini inakata ghafla, na kule kukatwa ndiko kunakozaa volti elfu kadhaa. Platini yangu ilikuwa relei ya taa za gari, iliyounganishwa ijikate yenyewe: ikivuta, inafungua njia yake, inaachia, inafunga, inavuta tena, kama kengele ya mlango. Kondensa inawekwa sambamba na midomo ya relei, la sivyo midomo inaungua ndani ya dakika moja. Hata ikiwepo, inaungua polepole. Nimeshamaliza relei nne.

Pengo la cheche ni boliti mbili za kichwa cha mviringo, uso kwa uso, milimita 1. Hewa kavu huvunjika kwenye volti 3,000 hivi kwa kila milimita, kwa hiyo ukijua upana wa pengo unajua kapasita inajazwa mpaka wapi.

Tuliwasha jioni, baada ya Isha, giza limeingia vizuri. Mimi na mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha tatu. Betri ya pikipiki, relei ikalia, pengo likatoa mwanga wa buluu, na juu ya tufe hakuna kitu. Nikazima, nikahamisha kibanio. Mzunguko wa tisa, hakuna kitu. Wa nane, kama mnong'ono. Saba na nusu: unyoya wa zambarau wa sentimita 2 ukasimama juu ya mpira wa majani ya migomba, na tyubu ya taa iliyokuwa imeegemea ukuta, ambayo hakuna aliyeigusa, ikawaka. Mama alitoka jikoni akasema "Subhanallah," akarudi ndani, akatoka tena na shangazi.

Tuliiwasha usiku tatu mfululizo. Usiku wa nne ikanyamaza ghafla katikati ya kazi.

Nilidhani betri imeisha. Nikachomoa waya zote mbili za betri, nikageuka kuchukua tochi. Mdogo wangu aliona kile ambacho mimi sikukiona: waya mmoja ulikuwa umeachia kutoka kwenye kundi la chupa, kwa sababu ya mtikisiko wa relei. Akataka kuurudisha. Mkono mmoja ulikuwa umeshika ukingo wa beseni, vidole ndani ya maji ya chumvi, na mwingine ukashika nyaya za ndani ya chupa.

Betri ilikuwa imechomolewa. Chupa hazikujua. Waya uliachia wakati kapasita imejaa, na kuanzia hapo hapakuwa na njia ya umeme kutoka. Hapo ulikaa, ukimngoja mtu. Alipiga kelele fupi, mkono ukaruka wenyewe, beseni likapinduka, chupa tatu zikavunjika na yeye akaangukia glasi. Damu ilichanganyika na maji ya chumvi na mafuta ya kupikia, na sitasahau harufu yake. Baba alimbeba kwa pikipiki ya jirani hadi kituo cha afya. Nyuzi tano, juu kidogo ya kifundo cha mkono. Muuguzi alituonyesha kwa kidole mahali mshipa ulipo na mahali glasi ilipopita. Umbali wake ulikuwa unene wa penseli.

Usiku ule sikulala, nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya wiki mbili kabla. Nishati ya kapasita ni nusu ya C mara mraba wa V. Nanofaradi 6.4 kwa volti 3,000 ni milijuli 29. Ni pigo linalouma na kumrusha mtu, lakini si la kusimamisha moyo wa kijana mzima. Kapasita ya maikrowevu ni kama maikrofaradi 1. Kwa volti 2,000 tu ni juli 2, yaani mara 70 ya pigo lililomwangusha mdogo wangu. Na hiyo ni kapasita peke yake. Transfoma yenyewe haipigi mara moja ikaisha. Inaendelea kutoa mkondo wa mamia ya miliampea, na makumi ya miliampea yakipita kifuani yanatosha kuuvuruga moyo. Nilikuwa nimebakiza faranga chache kuinunua. Mdogo wangu angekuwa amesimama palepale, na mikono yake palepale.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, transfoma ya maikrowevu sikufundishi na hata ukinipigia simu sitakufundisha. Najua wapo wanaoitumia na wako hai. Mzee wa mota alimjua asiyekuwa hai.

Baba hakuivunja koili, jambo lililonishangaza. Alisema itatoka nje ya nyumba, haitawashwa bila yeye kujua, na nitamweleza kila sehemu inafanya nini mpaka aelewe. Yeye ni mkulima wa mpunga kule bondeni. Kumweleza ndiko kulikonifanya niijue kweli, kwa sababu kila nilipotaja neno la darasani aliuliza, "Maana yake?" Swali lake la nne au la tano lilikuwa hili: "Ukizima, umeme uliobaki ndani unatokea wapi?" Sikuwa na jibu. Toleo la pili lote lilijengwa juu ya swali hilo.

Kwanza, njia ya kudumu ya kutokea. Rezista 20 za megaomu 1 kila moja, zimeunganishwa kwa mstari na kufungwa moja kwa moja kwenye kapasita, si kwenye waya unaoweza kuachia. Volti 3,000 zikigawanywa kwa 20 ni 150 kwa kila rezista, kiwango ambacho rezista ndogo za redio zinakimudu. Jumla ni megaomu 20, na kwa kapasita yangu, sekunde moja baada ya kuzima hamna kitu. Rezista hizo nilizing'oa kwenye vifaa vibovu na kuzipima moja moja. Usitumie rezista moja ya megaomu 20: volti zitaruka juu ya mwili wake.

Pili, fimbo. Mwanzi mkavu wa mita moja uliopakwa vanishi, kwenye ncha una ndoano ya chuma, na ndoano ina waya unaokwenda ardhini. Kila baada ya kuzima, hata kama unaamini rezista, unagusa kapasita kwa fimbo na kuiacha ndoano imening'inia hapo muda wote mikono yako ikiwa ndani. Ndoano ikitoka, mikono imetoka.

Tatu, mkono mmoja mfukoni. Umeme unahitaji njia ya kuingia na njia ya kutoka, na njia kutoka mkono hadi mkono inapita kifuani.

Nne, niliachana na beseni. Chupa sasa zimo ndani ya kreti ya soda, kila moja chumbani kwake, nje zimefungwa karatasi ya alumini hadi robo tatu ya kimo badala ya maji. Kreti ilitengenezwa ili chupa zisivunjike barabarani, sijui kwa nini sikuiona tangu mwanzo. Uwezo ulishuka kidogo, kwa sababu karatasi haishikamani na glasi kama maji yanavyoshikamana, nikaongeza chupa mbili.

Kuhusu ardhi: chini ya koili ya pili panahitaji ardhi yake yenyewe. Nilipigilia nondo ya mita moja na nusu karibu na migomba, penye unyevu. Usitumie ardhi ya nyaya za nyumba. Masafa ya juu yataingia kwenye kila kifaa cha ukoo, na chaja za simu ndizo zitakufa kwanza. Nimeua moja, ya shangazi, nikailipa.

Na mvua ikitishia, usiwashe, na nondo hiyo usiikaribie. Watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti walichapisha mwaka 2016 orodha ya mahali panapopigwa sana na radi duniani: la kwanza ni ziwa Maracaibo, Venezuela, la pili ni Kabare, hapa Kongo, zaidi ya miali 200 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Na si Kongo peke yake. Machi 2018, wilaya ya Nyaruguru, radi iliua watu 16 waliokuwa kanisani. Koili yangu inatoa sentimita 2. Yule mwenzake angani hashindani na mtu.

Mambo madogo yaliyobaki. Usitazame pengo la cheche kwa muda mrefu, lina miale ya urujuanimno kama ya mashine ya kuchomelea. Mimi nimelifunika kwa kopo lenye matundu. Harufu kali unayoisikia ni ozoni, fungua madirisha. Mwenye kifaa cha moyo asikaribie hata mlangoni. Na ule msemo kwamba umeme wa Tesla haudhuru kwa sababu "unapita juu ya ngozi tu," uacheni. Masafa yakiwa juu sana mishipa ya fahamu haihisi, lakini nyama inaungua vilevile. Unaona alama nyeupe kidoleni kabla hujasikia maumivu.

Na redio. Nilisema kilohezi 760. Koili ya cheche ni kama mtambo wa kurusha matangazo usio na adabu: inarusha kila mahali kwa wakati mmoja. Usiku wa pili jirani yetu mzee alikuja kuuliza kama redio yetu nayo inakoroma, na nikasema sijui. Huo ulikuwa uongo, na kesho yake nilikwenda kumwambia ukweli. Tukapatana: dakika tano, si wakati wa taarifa ya habari. Mitambo ya cheche ilitumika kweli kwenye mawasiliano ya meli mwanzoni mwa karne iliyopita, ikaondolewa kwa sababu hiyohiyo ya kuwavuruga wengine. Anayetaka kuiwasha muda mrefu aifunike kwa wavu wa chuma uliounganishwa na ardhi, au asiiwashe.

Kwa wenye haraka kuna toleo dogo zaidi lisilo na cheche wala kapasita ya chupa: koili ileile ya pili, mizunguko mitatu ya waya wa kawaida, transista moja, rezista na betri ya volti 9. Litawasha taa ndogo ya kuokoa umeme kwa umbali wa vidole vitatu. Ningekuwa naanza leo ningeanza na hilo. Mchoro wake nitauleta toleo lijalo, mhariri akinipa nafasi.

Mdogo wangu sasa ndiye mshika fimbo. Hakubali mtu mwingine aishike, hata mimi. Kovu lake anawaonyesha wenzake shuleni na nasikia kila akisimulia volti zinaongezeka.

Koili iko bwenini, imezimwa, ndoano iko juu yake. Anayetaka kuiona aje Jumamosi baada ya Alasiri, siku isiyo na mvua. Simu ziachwe mlangoni, na kama una kreti ya soda usiyoihitaji, njoo nayo.